Picha Aliyoiomba Bibi

Ndugu msomaji, ikiwa umewahi kushuka Posta asubuhi na kukaza mwendo kuelekea kazini, bila shaka umepita mbele ya Sanamu ya Askari mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu, na yamkini hujaitazama hata mara moja. Mimi nilikuwa vivyo hivyo. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ya uandishi katika jiji hili, sanamu ile ilikuwa kwangu mahali pa kukutania na watu, na alama ya kumwelekeza mgeni: ukifika Askari, pinda. Siku niliyosimama kuitazama ni siku niliyokwenda kuipiga picha, na hata siku hiyo, kama nitakavyokusimulia, niliitazama nusu tu.

Aliyenituma hakuwa mhariri wangu. Alikuwa bibi mmoja jirani yetu huko Tandika, Wilaya ya Temeke, mtu mzima wa miaka 80 na ushei, ambaye jioni hukaa barazani akiitikia shikamoo za mtaa mzima. Jioni moja, baada ya kuniitikia marahaba, alinizuia nisipite.

"Mwanangu, nasikia wewe unapiga picha za gazeti. Mjukuu wangu ananiambia mjini kuna sanamu ya watu wa vita ya Mjerumani. Nipigie picha yake niiweke ukutani. Babu yangu alikwenda kwenye vita ile, hakurudi, na sisi hatuna hata kaburi la kuzuru."

Nilimwahidi palepale. Ilikuwa mwezi Julai, na Siku ya Mashujaa, tarehe 25, ilikuwa imekaribia. Nikaona kwamba kwa safari moja nitapata picha ya Bibi na picha ya ukurasa wetu. Basi nilikwenda saa sita mchana, kati ya shughuli mbili, kamera begani na saa mkononi. Huko ndiko nilikoanza kukosea.

Wengi wenu siku hizi mna simu zenye kamera, na kwa hiyo naomba nieleze kilichonipata, kwa maana kitawapata na ninyi. Sanamu ile ni ya shaba nyeusi, na imeinuliwa juu ya msingi mrefu, hata mpigaji picha aliyesimama barabarani hana budi kuielekeza kamera juu, mbinguni. Kamera haijui kwamba unachokitaka ni askari. Huiona mbingu nyeupe ya mchana, huona mwanga umezidi, na hupunguza kila kitu ili mbingu ipate kuonekana vizuri. Matokeo yake ni mbingu ya kupendeza na kivuli cheusi chenye umbo la mtu. Isitoshe, jua la saa sita lilikuwa juu ya kofia ya yule askari, uso wake wote ukamezwa na giza. Tena, kwa kuwa nilipiga kutoka chini, msingi ulionekana kama unaanguka kinyumenyume. Na nyuma ya singe ya bunduki, ile iliyoelekezwa bandarini, ulipita waya.

Sikujali sana, kwa kuwa nilijua kompyuta inanisubiri ofisini. Nilikuwa nimepiga kwa faili ghafi, yaani lile ambalo kamera hulihifadhi bila kulipika, na ndani ya faili la namna hiyo mna habari nyingi zilizofichika katika giza. Niliinua vivuli kidogo kidogo mpaka uso wa askari ukatokea, mashavu kwanza, kisha macho. Nilinyoosha msingi uliokuwa ukianguka. Nilipandisha mwangaza wa picha nzima kupita kiasi ambacho jicho lingependa kwenye kioo cha kompyuta, kwa kuwa karatasi ya gazeti hunywa wino na wino ukasambaa, na kivuli kilicho kijivu mezani kwako huwa masizi kikifika mikononi mwa msomaji. Waya niliufuta kwa kunakili vipande vya mbingu vilivyokuwa kando yake. Mwisho nilikata kingo. Chini ya msingi walikuwapo watu wawili wamejipumzisha, mmoja na mfuko wa plastiki miguuni. Niliona wanaharibu heshima ya picha, nikakata pale pale kwenye viatu vya askari. Akabaki yeye na mbingu.

Picha ilipendwa. Niliichapisha nakala kubwa kwa fedha zangu, nikaitia fremu, na Jumapili jioni nikaipeleka barazani.

Bibi aliipokea kwa mikono miwili. Aliisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu tena.

"Ni nzuri," alisema. "Huyu ni nani?"

"Ni askari, Bibi."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mtoto aliyekosea jina la mgeni: "Babu yangu hakuwa askari, mwanangu. Babu yangu alibeba."

Ndugu msomaji, nilisoma stashahada ya uandishi wa habari, na tulifundishwa kumuuliza mtu kwanza ndipo tuandike. Mimi nilikuwa nimemtengenezea picha mama wa watu bila kumuuliza swali hata moja. Nikaketi, nikauliza.

Alinieleza aliyoelezwa na baba yake. Kijiji chao kilikuwa Uzaramo, upande wa Kisarawe. Waingereza walikuwa wamekwisha kuuteka mji wa Dar es Salaam, nasi twajua kutokana na vitabu kwamba hilo lilitokea mwezi Septemba 1916. Watu wa serikali wakapita vijijini wakichukua wanaume. Babu yake alichukuliwa, na baba yake Bibi wakati huo alikuwa angali akibebwa mgongoni. Msafara ulielekea Rufiji. Hapakuja barua, hapakuja mtu wa kusimulia. Miaka ilipopita wazee walikaa matanga bila maiti, mambo yakaisha hivyo.

Habari hiyo si ya nyumba moja. Upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita ile ya Afrika Mashariki, na waliokufa miongoni mwao wanakadiriwa kuwa 95,000. Risasi haikuwa adui yao mkubwa. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa, wakibeba mahindi na mchele wa kulisha jeshi katika nchi ambayo barabara zake zilifunikwa na mvua na wanyama wake wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Mjerumani naye, chini ya von Lettow-Vorbeck, alikuwa na wapagazi wake, wake kwa waume, na hesabu yao ni ya kukisia zaidi. Wewe unayekwenda Kariakoo kununua kitenge au kuku, jina la mahali pale limetokana na lile jeshi la wapagazi, ambalo Waingereza waliliita kwa lugha yao "Carrier Corps". Kambi yao ilikuwa pale. Watu wa Nairobi nao wana Kariakor yao kwa sababu hiyo hiyo. Sokoni jina lao hutajwa kila dakika, na hakuna anayewafikiria.

Nilirudi kwenye sanamu siku ya pili yake, safari hii bila haraka, na nikafanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo: niliinamisha macho. Msingi ule nilioukata una vibao vya shaba. Maandishi yake ya Kiswahili, kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu, na ya Kiingereza, ambayo yalitungwa na Rudyard Kipling, hayawataji askari peke yao. Wapagazi wametajwa waziwazi. Na ubavuni mna picha zilizofinyangwa katika shaba, zimeinuka kidogo tu kutoka kwenye kibao, na katika mojawapo wamo wao: watu wanaotembea na mizigo vichwani. Mchongaji, James Alexander Stevenson, alikuwa amewaweka. Sanamu ilizinduliwa mwaka 1927. Kwa muda wote huo walikuwa pale, na mimi ndiye niliyewaondoa kwa kubonyeza kidole.

Nakiri kwamba mchongaji naye alinisaidia kukosea, kwani askari amemsimamisha juu peke yake, mkubwa kama mtu, na mpagazi amemweka chini, mdogo kama picha ya kitabuni. Mjini Nairobi, katika ukumbusho wa vita hiyo hiyo alioutengeneza mwenyewe, wamesimama watu watatu juu ya msingi mmoja, na mmoja wao ni mpagazi. Ningependa kujua kwa nini sisi tulipewa mmoja. Hata hivyo sisi tulikwisha kuona makubwa zaidi. Wakati wa Mjerumani sanamu iliyokuwa katika mji huu ilikuwa ya gavana Hermann von Wissmann, na Mwafrika, askari, alikuwa amewekwa miguuni pake akimtazama juu. Waingereza waliiondoa walipoingia, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960.

Kupiga picha kile kibao cha wapagazi ni kazi kuliko kumpiga askari. Picha iliyoinuka kidogo namna ile haionekani kwa wingi wa mwanga. Huonekana kwa upande ambao mwanga unatokea. Ukiimulika usoni, kwa taa ya kamera mathalani, kila kitu hulala na kuwa bapa kama sufuria kuukuu. Jua likiwa juu sana, kila mzigo hutupa kivuli chini yake, na uso wa aliyeubeba hupotea. Nilijaribu saa tano, nikapata mizigo bila watu. Nilijaribu kukiwa na mawingu, nikapata ukungu. Mpiga picha mmoja mstaafu, aliyefanya kazi tangu enzi za chumba cha giza, ambaye alinifundisha mengi kuliko chuo, alinicheka na kuniambia nichukue kioo cha kunyolea ndevu. Nikaenda nacho. Nilimwomba kijana mmoja muuza maji ya chupa ashike kioo kwa pembeni, karibu kabisa na ukuta wa msingi, ili mwanga wa jua upite juu ya shaba kwa ubapa badala ya kuigonga. Niliona kwa macho yangu watu wakisimama kutoka katika kibao, mmoja baada ya mwingine, shingo na misuli. Kijana naye aliona. "Kumbe hawa wako hapa!" alisema, naye anauza maji hatua kumi kutoka pale kila siku ya Mungu.

Picha hiyo sikuihariri sana. Niliongeza kidogo tofauti ya mwanga na kivuli, nikainyoosha, basi. Yule mstaafu aliniambia kwamba katika chumba cha giza wao waliukinga mwanga kwa kiganja ili mahali fulani pawe peupe zaidi, wakauachia kwingine ili pawe peusi. Walikuwa wakitoa kilichomo katika ukanda, lakini hawakuingiza kisichokuwamo. Neno hilo lilinirudia siku chache baadaye, kama utakavyoona.

Maana Bibi, nilipomwonyesha kibao, alifurahi, akawahesabu wale watu kwa kidole, kisha akauliza: "Na walizikwa wapi?"

Kwa hiyo asubuhi ya Jumamosi tulikwenda Kinondoni, Bibi, mjukuu wake wa kidato cha tatu, na mimi. Kando ya njia ya kwenda Bagamoyo yapo Makaburi ya Vita ya Dar es Salaam, yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ni mahali pasafi mno, majani yamekatwa, mawe yamepangwa kama darasa. Makaburi yale yalianzishwa mwaka 1968, wakati makaburi 660 ya vita ile yalipohamishwa kutoka Barabara ya Ocean ili kupisha ujenzi wa barabara. Wakati wa kuhamisha, waliokuwa na alama walipewa kila mmoja mahali pake. Lakini katika viwanja walimokuwa wamezikwa Waafrika, Wakristo, Waislamu na wasio na dini hizo, hapakuwa na alama ya mtu mmoja mmoja. Hivyo walizikwa upya kwa pamoja, na kila kaburi la jumla likawekewa ukuta wa ukumbusho.

Nilitafuta jina la babu yake. Mjukuu naye alitafuta, jiwe kwa jiwe. Hatukuliona, wala sikuwa na tamaa kubwa ya kuliona, kwani aliyekwenda Rufiji hakuna sababu ya kwamba alizikwa mjini. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa taarifa ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliokufa katika kuitumikia dola ya Kiingereza katika vita ile, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Nilimweleza Bibi hayo kwa lugha nyepesi. Alisikiliza, akaenda kusimama mbele ya ukuta mmojawapo, akainua mikono, akasoma Fatiha. Nilimpiga picha akiwa amenipa mgongo, kanga yake na ukuta ule mpana mbele yake.

Ndipo yule kijana, tukiwa ndani ya daladala, aliponinong'oneza: "Anko, kwani huwezi kuliandika jina lake pale ukutani? Kwenye kompyuta? Bibi atafurahi."

Ninaweza. Nataka ulijue hilo, msomaji, kwa kuwa si jambo gumu. Usiku ule nilifungua picha, nikatafuta sehemu ya ukuta isiyo na maandishi, nikaandika jina la babu yake kwa herufi za namna ile ile, nikazitia kivuli upande ambao jua lilitokea ili zionekane zimechongwa, nikaupitisha uchakavu wa jiwe juu yake. Dakika ishirini. Mke wangu alipita na chai, akatazama, akasema, "Alhamdulillahi, mmemwona!"

Furaha yake ndiyo iliyonishitua. Mtu mwenye macho mazuri, anayenijua, aliamini papo hapo. Na Bibi angeamini, na majirani wangeamini, na mjukuu yule siku moja angekuwa babu akiwaambia wajukuu zake kwamba jina la mzee wao limechongwa Kinondoni, na wangekwenda kulitafuta. Lakini lililonikera zaidi ni jingine. Wale waliomchukua yule mzee shambani kwake hawakuona haja ya kuandika jina lake alipokufa. Mimi, kwa kutaka kumfurahisha mjukuu wake, nilikuwa nimekaa usiku kuwasafisha, kuifanya ionekane kwamba waliliandika. Utupu wa ukuta ule ni habari, na tena ni habari yenyewe. Kuujaza ni sawa na kumfuta yule waliyemsahau mara ya pili, na safari hii kwa mkono wa jirani.

Hata hivyo sitajisifu kwamba niliamua upesi. Mwanamke wa miaka 80 na ushei hana muda mrefu wa kudanganywa, nami nilijiuliza ukweli wangu utamfaa nini yeye ukutani kwake. Nililala faili lile likiwa bado lipo. Asubuhi nililifuta, nikalifuta na katika kapu la taka la kompyuta.

Nilichofanya badala yake ni hiki. Picha ya ukutani niliichapisha kama ilivyokuwa, nikaacha ukingo mweupe chini yake, upana wa vidole vitatu. Sikuufuta hata mfuko wa plastiki uliokuwa umepeperushwa na upepo ukanasa kwenye majani, ingawa mkono uliniwasha. Nikaipeleka Tandika pamoja na ile ya kibao cha wapagazi. Nilimweleza Bibi kwamba ukutani hakuna jina, na kwamba nafasi ile nyeupe ni yao. Alimtuma mjukuu akalete kalamu ya wino. Kijana alianza kuandika kwa herufi ndogo za daftarini.

"Kubwa," alisema Bibi. "Mimi sioni."

Basi akaandika kwa herufi kubwa, jina la mzee, la baba yake, na la kijiji chao, na chini yake akaongeza neno moja aliloambiwa na bibi yake: MPAGAZI. Mistari ilipanda kidogo upande wa kulia. Mimi jina hilo silitaji hapa, kwa kuwa ni mali ya nyumba ile.

Picha ya askari nilidhani atanirudishia, lakini aliikatalia, akasema naye ni mtoto wa watu. Ameiweka juu ya kabati. Zile mbili alitaka kuzitundika sebuleni, ukuta unaotazamana na dirisha, nikamzuia: jua la magharibi huila picha, na wino wa kalamu hufifia kabla ya wino wa mashine. Tukazitundika karibu na mlango wa chumbani kwake, mahali penye kivuli, na mjukuu akaahidi kuyapitia yale maandishi kwa kalamu kila mwaka.